Bukavu: Dawa za depresyo haziongezwi kwa kubahatisha

Katika mitaa ya Kadutu, Ibanda na Bagira, mtu akisema dawa ya depresyo haimsaidii, anaambiwa: ongeza ingine. Jirani anaongeza, ndugu anaongeza, muuza farmasi naye anaongeza. Nani ameuliza mgonjwa anameza nini tayari? Huo si msaada, ni hatari.

Ni kweli kuna depresyo ngumu. Madaktari wanaiita hivyo pale dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi ya kutosha na kwa wiki kadhaa, hazikuleta nafuu. Mtu aliyemeza siku 10 akaacha hajafika hapo. Iulizwe kwanza: anameza kila siku? Anakunywa pombe? Tezi ya shingo imepimwa? Anapigwa nyumbani? Kidonge hakizuii fimbo.

Chukua mfano wa mama anayetumia fluoksetini. Mgongo unamuuma kwa kubeba mizigo, anauziwa tramadoli. Dawa hizo mbili pamoja zinaweza kumletea kifafa cha ghafla, ao sumu ya serotonini: jasho, kutetemeka, homa, kuchanganyikiwa. Akiongezewa amitriptilini, fluoksetini inaizuia isitoke mwilini upesi. Inapanda katika damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kuacha fluoksetini leo hakutoshi, sababu inabaki mwilini kwa wiki nyingi.

Litiamu nayo inasaidia wagonjwa wengi, lakini kati ya dozi inayoponya na ile inayoua nafasi ni ndogo. Inaomba kupima damu, figo na tezi mara kwa mara. Ibuprofeni na diklofenaki, zinazouzwa kama karanga, zinaweza kuipandisha hadi iwe sumu. Kuharisha na kukosa maji vilevile. Pasipo maabara, litiamu isianzishwe.

Wenye kutetea biashara hii watasema daktari wa akili ni mbali na ni ghali. Ni kweli, na hilo ni kosa la serkali. Lakini Bukavu ina Sosame, Goma ina Tulizo Letu. Umbali haugeuzi muuza dawa kuwa daktari.

Wakaguzi wa afya watoke ofisini. Farmasi isiuze dawa hizi bila karatasi ya daktari. Mgonjwa naye asiache dawa ghafla kwa woga: abebe vidonge vyake vyote, hata vya maumivu na vya mitishamba, amuonyeshe daktari. Na jamaa wakiona mgonjwa anasema amechoka kuishi, wasimuachie akiba ya vidonge chumbani. Wamtunzie dawa, wampe dozi ya siku, na wampeleke hospitali siku ileile.

Anayeongeza dawa bila kuuliza anacheza na maisha ya mtu ambaye tayari anapigana ili aishi.