Wingu Likae Hapo Hapo

Kila mteja anataka anga ya buluu. Hoteli, saluni, hata bibi harusi. Unapiga picha siku ya mawingu, unatumiwa ujumbe: "Toa hayo mawingu, weka jua." Mimi nakataa. Na kabla uniambie najifanya, sikia kisa cha askofu mmoja Uingereza.

John Fisher, askofu wa Salisbury, alimwagiza John Constable amchoree kanisa lake kuu, lile lenye mnara wa mita 123. Picha ikawa tayari 1823: miti mikubwa, ng'ombe wakinywa maji, askofu na mkewe pembeni, fimbo ya askofu ikielekea mnarani. Na juu, wingu zito la mvua. Askofu hakulitaka. Alitaka jua.

Sasa, Constable hakuwa anabahatisha mawingu. Mwaka 1821 na 1822 alikuwa akichora anga kule Hampstead, anaandika tarehe, saa na upepo. Lakini alikuwa na watoto wa kulisha, akamchorea askofu nyingine yenye anga safi. Simlaumu. Askofu alifariki 1825, kabla haijakamilika.

Halafu angalia 1831. Mkewe Maria ameshafariki. Constable analirudia kanisa lile lile, safari hii na dhoruba nzima: mawingu meusi, radi, upinde wa mvua. Hiyo ndiyo Tate waliinunua 2013 kwa pauni milioni 23.1. Dhoruba, si anga safi.

Mtasema mteja ni mfalme, kazi ni kazi. Sawa. Akitaka jua, tungoje siku ya jua, nirudi na kamera. Mchoraji naye ana ruhusa ya kuchagua anga, kwa sababu kila mtu anajua ule ni mchoro. Lakini tangazo la hoteli linamwambia mgeni: ukija, utakuta hivi. Kuna mteja alininyima nusu ya malipo kwa sababu video ya Mei ilionyesha mvua. Mei, Pwani! Mgeni akidanganywa na akalowa, matusi atayaleta kwa komenti zangu, si kwa meneja.

Kwa hivyo wenzangu, kabla ya kubeba kamera, wekeni kwa mkataba sentensi moja: anga itabaki ilivyokuwa siku hiyo. Asiyetaka kutia sahihi, atafute mchoraji.