Moshi ni moto uliokosa kuwaka

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Lakini je, msomaji, umewahi kufikiri kwamba moshi wenyewe ni moto uliokosa kuwaka?

Ukuni ukishika joto hutoa gesi na matone ya lami. Gesi hizo zikipata hewa na joto la kutosha huwaka, na huo ndio mwali unaouona. Zikikosa, hutoroka zikiwa moshi, masizi na kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Huko Marekani, ambako watu wengi huota moto wa kuni wakati wa baridi, serikali iliweka kanuni mwaka wa 1988. Kuanzia 1990, jiko jipya lenye kichocheo halikuruhusiwa kutoa zaidi ya gramu 4.1 za chembe za moshi kwa saa. Mwaka wa 2020 kiwango kilishushwa hadi gramu 2, au 2.5 jiko likipimwa kwa kuni za kawaida.

Kichocheo ni nini? Ni kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia bila chenyewe kuliwa. Katika majiko hayo mara nyingi ni kipande cha kauri chenye vitundu kama sega la asali, kilichopakwa paladiamu au platinamu. Kwa kawaida moshi huhitaji joto la zaidi ya digrii 500 za Selsiasi ili uwake. Ukipita kwenye sega hilo, digrii 260 hivi zinatosha.

Kompyuta inaingia wapi hapa? Madini hayo ni ghali, na moshi wa kuni una mamia ya kemikali. Badala ya kujaribu kila mchanganyiko maabarani, wanasayansi hukokotoa kwanza jinsi molekuli inavyoushika uso wa madini. Ikishika kwa ulegevu, huponyoka bila kubadilika. Ikishika mno, huzizibia nyingine nafasi, kama kaboni monoksidi inavyofanya juu ya platinamu iliyo baridi. Mjerumani Gerhard Ertl alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 2007 kwa kuchunguza mambo kama hayo.

Hesabu nyingine hufuata mwendo wa moshi na joto vitunduni. Ndipo tunaelewa kwa nini jiko likiwashwa tu kichocheo hakisaidii: lazima kwanza kipate moto. Hata hivyo, hakuna hesabu itakayomwokoa mzembe. Plastiki au mbao zilizopakwa rangi zikichomwa humo, kichocheo huharibika.

Na sisi je? Jiko letu la makaa halina dohani wala kichocheo. Makaa yakiiva hayafuki moshi, nasi hudhani hatari imekwisha. Kumbe kaboni monoksidi ingali inatoka! Baridi ya Julai inapobisha hodi, kuna wanaoliingiza jiko chumbani, wakafunga dirisha na kulala. Wengine hawaamki tena.

Kwa hivyo, mzazi, usiku wa leo jiko lilale nje. Nawe mwanafunzi, wasomee walio nyumbani haya, kisha uwaongezee blanketi.