Halmashauri, Nunueni kwa Vijana Wenu

Kijana akikosa kazi, jibu letu ni moja: apewe mtaji ajiajiri. Madiwani wanalisema barazani, wazazi wanalisema nyumbani, na vijana wenyewe wamelizoea hadi wanalirudia. Nalipinga. Limetugharimu miaka mingi, na waliobeba hasara yake ni hao hao tunaodai kuwainua.

Sheria ya mtaji huo yenyewe ni njema. Tangu 2018, halmashauri zote Tanzania zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo, baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuibua madeni yasiyolipwa na vikundi hewa. Ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 zikiteuliwa kujaribu kuitoa kupitia benki. Mjadala mzima ukawa pesa ipitie wapi. Atakayenunua bidhaa za kikundi hakutajwa.

Tazameni mkopo unavyokwenda. Vijana wanaungana kwa kuwa fomu inadai kikundi, hata kama hawajawahi kufanya kazi pamoja. Wanaandika katiba, wanafungua akaunti, wanapanda na kushuka kwa afisa maendeleo ya jamii. Pesa ikitoka wanatengeneza sabuni ya maji, maana ndiyo waliyofundishwa kwenye semina. Na kata ya jirani nao walifundishwa hiyo hiyo. Sabuni inakaa. Mwezi wa marejesho ukifika, tunasema vijana wa siku hizi hawaaminiki.

Kwa mwenye ulemavu mlima ni mkali zaidi. Fundi cherehani kiziwi hakusikia tangazo la mkopo kwa sababu mkutano wa mtaa haukuwa na mkalimani wa lugha ya alama. Anayetumia kiti mwendo anakuta ofisi iko juu na ngazi ndiyo njia pekee. Tuseme wamevuka yote hayo, cherehani zimenunuliwa, fundi yuko tayari. Siku hiyo hiyo kituo cha afya cha halmashauri iliyomkopesha kinaagiza mashuka na mapazia kwa mfanyabiashara mkubwa wa mjini. Hili linaniuma kuliko vikundi hewa, kwa sababu hapa hakuna mwizi wa kukamatwa. Ni mazoea tu.

Na sheria ya kuyavunja mazoea hayo tunayo. Taratibu za ununuzi wa umma zinataka asilimia 30 ya manunuzi itengwe kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni wenye ulemavu. Halmashauri ni miongoni mwa waajiri na wanunuzi wakubwa kabisa wilayani. Ianzie kwake.

Nitaambiwa Serikali haiwezi kumwajiri kila mtu. Kweli, haiwezi. Lakini madawati yatanunuliwa, mashuka yatanunuliwa, chakula cha vikao kitapikwa, nyasi za uwanja wa shule zitafyekwa. Pesa hiyo imeshapangwa kwenye bajeti. Kilichobaki ni kuamua itaingia mfuko wa nani. Nitaambiwa pia vijana hawana uzoefu. Watapewa na nani, kama zabuni ya kwanza, hata ya mapazia ya zahanati moja, tunawanyima?

Basi kikao kijacho cha baraza, diwani asiishie kuuliza marejesho. Adai orodha ya vikundi vilivyoiuzia halmashauri, kila kimoja na kiasi kilicholipwa. Adai idadi ya watumishi wenye ulemavu, idara kwa idara. Na adai tarehe za malipo: kikundi cha watu watano kilichoshona mashuka kwa pesa ya mkopo kikicheleweshewa hundi miezi sita, halmashauri ndiyo iliyokiua, kisha itakiandika miongoni mwa wadaiwa sugu.