Mfumo wa Henry una wenyewe

Kwa miaka 26 kazi yangu ilikuwa kushika mikono ya watu. Niliwapaka wino vidoleni, nikavibingirisha kimoja kimoja juu ya kadi, kisha nikainamia kioo cha kukuzia na kuhesabu mistari. Mwalimu wangu aliniambia njia hii ya kupanga alama za vidole ni Mfumo wa Henry, nami nikawafundisha vijana hivyo hivyo. Sasa nimestaafu, na ninataka kulisahihisha somo langu.

Mwaka 1858 huko Bengal, India, ofisa wa kikoloni William Herschel alitaka mkandarasi Rajyadhar Konai asije akaukana mkataba wao. Akampaka rangi kiganjani na kumpigisha mkono mzima nyuma ya karatasi. Mwaka 1880 Henry Faulds, daktari Mskoti aliyekuwa Tokyo, aliandika katika jarida la Nature kwamba alama za vidole zinaweza kumfichua mhalifu.

Lakini kutunza alama si kazi. Kazi ni kuipata unapoihitaji. Kadi zikifika maelfu, utaanzia wapi kutafuta?

Jibu lilipatikana katika ofisi ya Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal, na waliolipata ni wasaidizi wake wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Haque, bingwa wa hesabu, alivipanga vidole kumi katika jozi tano. Kidole chenye alama ya mzunguko kilipewa namba ya jozi yake: 16, 8, 4, 2 au 1. Kisicho na mzunguko kilipata sifuri. Hesabu hiyo huzaa makundi 1,024, kama kabati lenye safu 32 za visanduku 32. Bose naye alibuni namna ya kutuma maelezo ya alama kwa telegrafu. Mwaka 1901 mfumo huo ulianza kazi Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, ukiitwa Mfumo wa Henry kwa jina la mkubwa wao.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Henry ndiye aliyeipigania kazi hiyo serikalini. Hata hivyo, kuongoza ofisi si kukokotoa hesabu.

Jambo hili linanigusa. Babu yangu alivaa shingoni kipande, yaani kitambulisho chenye alama za vidole, enzi za ukoloni hapa Kenya. Alama za vidole vyake zilichukuliwa kwa uangalifu mkubwa, ila jina lake liliandikwa kombo, na hakuna aliyejali kulirekebisha. Utaalamu wetu upo ili mtu asichukuliwe kuwa mwingine. Tukiendelea kuifundisha kazi ya Haque na Bose kwa jina la Henry peke yake, tunafanya kosa lile lile tuliloajiriwa kulizuia.

Ninawaomba wakufunzi wa polisi: siku ya kwanza, kabla ya kufungua kopo la wino, andikeni ubaoni Haque na Bose. Mimi sikuwahi kufanya hivyo.