Kuta Hazifundishi

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), ambaye wahyi Wake wa kwanza kwa Mtume Muhammad (s.a.w.) ulikuwa amri ya kusoma.

Ndugu Waislamu, kila matokeo ya mitihani ya taifa yanapotangazwa na shule za watoto wetu kuangukia mkiani, udhuru wetu ni ule ule: "Sisi ni maskini." Juma likiisha, tunarejea kuchangia marumaru na minara.

Umaskini ni mzigo wa kweli, lakini si hukumu ya kufeli. Mwaka 2013 na 2014, watafiti walizipima shule za msingi 350 za serikali hapa Tanzania. Baadhi zilipewa ruzuku tu, Sh. 10,000 kwa kila mwanafunzi. Alama za watoto hazikupanda. Nyingine zilipewa ruzuku hiyo, na walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu wakaahidiwa malipo kwa kila mtoto atakayefaulu. Hizo ndizo zilizopanda waziwazi. Fedha ilizaa matunda pale mwalimu naye alipotazamwa.

Je, sisi tunafanya nini? Tunaweka jiwe la msingi, tunamwalika mgeni rasmi, kisha mwalimu anakaa miezi mitatu bila mshahara, naye anaambiwa kuwa atalipwa Akhera! Hiyo si ikhlasi, ni dhulma. Mtume (s.a.w.) ametuusia kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Tukumbuke Badr, mwaka wa 2 Hijria. Imepokewa kwamba mateka waliojua kuandika na wasiokuwa na mali ya kujikomboa, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina. Mtume (s.a.w.) hakungoja jengo. Alitafuta mwalimu, hata miongoni mwa maadui, na akaufunga uhuru wake na kazi ya kufundisha.

Basi kodi ya maduka ya wakfu ianze kulipa walimu, ndipo inunue mazulia. Mtoto aliyetoka nyumbani na njaa apate uji shuleni. Mwalimu mtoro aulizwe, na mzazi asiye na shilingi akague daftari la mwanawe. Kamati nazo zisome hesabu mbele ya waumini baada ya Swala ya Ijumaa.

Kesho mbele ya Allah (S.W.) tutaulizwa juu ya watoto hawa. Tusije tukaonyesha minara.

Wabillahi tawfiq.