Saruji Nayo Hutaka Kutunzwa

Ipo itikadi iliyokita mizizi katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu na Mombasa hata Lindi na Mtwara, ya kwamba nyumba ya saruji ikishajengwa imekwisha, na kwamba mwenye nyumba hana tena deni kwayo ila kuipaka rangi inapokaribia Idi au Krismasi. Aliyekaa katika nyumba ya udongo na makuti hakuwa na dhana hiyo. Yeye alijua kwamba makuti huoza na kwamba ukuta uliobabuliwa na mvua hukandikwa upya, akaitengea kazi hiyo nguvu na akiba yake bila ya kuiona kuwa ni msiba. Saruji ilipoenea, ilikuja na sifa ya ugumu, nasi tukadhani kwamba kitu kigumu ndicho kitu kidumucho. Rai yangu ni kwamba zege la nyumbani, liwe sakafu, baraza, ngazi, roshani au dari, hutaka kutunzwa kama kilivyotaka kutunzwa kiambaza cha udongo, na kwamba sehemu kubwa ya fedha tunazolitengenezea hupotea bure, kwa kuwa twashughulikia kinachoonekana na kukiacha kilichokizaa.

Saruji tuitumiayo asili yake ni ile ambayo Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds katika Uingereza, aliipatia hataza mwaka 1824. Na mwaka 1867 mtunza bustani wa Kifaransa aitwaye Joseph Monier akapata hataza yake kwa vyombo vya kupandia miti alivyovitengeneza kwa saruji iliyotiwa chuma ndani. Hicho chuma, ambacho sisi twakiita nondo, ndicho kiiwezeshacho dari kubeba watu na vyombo vyao, maana zege huvumilia sana kugandamizwa, lakini likivutwa au kupindwa hukatika upesi. Ila chuma hicho hicho ndicho kilicholitia zege udhaifu ambao halikuwa nao hapo zamani. Kuba la Pantheon huko Roma, lenye upana wa mita 43 hivi, limesimama tangu karne ya pili, na watu hulitaja kuwa ni ushahidi kwamba zege halifi. Husahau kwamba ndani ya kuba lile hamna nondo ya kushika kutu, na kwamba dari zetu hazikujengwa namna ile.

Madhali zege ni zima na limeshikana, ule ukali wa chokaa uliomo ndani yake huilinda nondo isiliwe. Ulinzi huo huondoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewa ya ukaa, ambayo hupenya taratibu, milimita baada ya milimita, ikiupunguza ukali huo hata ikaifikia nondo. Na nondo iliyolazwa juujuu, pasipo unene wa kutosha wa zege la kuifunika, hufikiwa mapema. Ya pili ni chumvi, nayo ndiyo hasimu mkubwa wa mtu wa pwani, kwa kuwa huja na upepo wa bahari apende asipende, na pia huletwa na mikono yake mwenyewe, pale mchanga unapochotwa ufukweni ukamwagwa kazini bila ya kuoshwa, na maji ya kukorogea yakatekwa katika kisima cha chumvi kwa sababu maji matamu ni ya kununua. Nondo ikishika kutu hutanuka, kwani kutu huchukua nafasi maradufu na zaidi ya chuma kilichoizaa, nayo hulipasua zege kutoka ndani kama kabari ipasuavyo gogo. Hapo mwenye nyumba huona ufa ulionyooka, kisha doa jekundu, kisha bonge la zege likamwangukia sebuleni. Naye husema kwamba dari imeharibika mwaka huu, ilhali ilikuwa ikiharibika tangu miaka mingi.

Basi tazama tunavyofanya. Huitwa fundi, naye, kwa kuwa ameagizwa aondoe aibu kabla wageni hawajaingia, hupiga lipu juu ya palipomeguka, akailainisha kwa mwiko, na siku ya pili pakapakwa rangi. Lipu ile haikushikana na chochote, maana chini yake mna kutu na vumbi, na baada ya masika moja au mawili huanguka ikafuatana na kipande cha jirani yake. Fundi hulaumiwa kuwa ni mwizi, na mwenye duka kuwa ameuza saruji mbovu, na kazi ile ile hurudiwa kwa namna ile ile. Sote twajua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, wala siikanushi methali hiyo. Lakini wengi wetu tumeitii nusu yake, tukaziba bila ya kuuliza ufa umetoka wapi.

Kuuliza huko hakuhitaji elimu ya chuo kikuu. Nyufa nyembamba kama nywele, zilizotapakaa juu ya lipu bila ya mpango, aghalabu ni alama ya lipu iliyokaushwa na jua upesi kuliko ilivyostahili, na madhara yake ni machache. Ufa ulionyooka chini ya dari au kando ya nguzo, hasa ukiwa na rangi ya kutu, ni wa nondo. Ufa uliokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, au ulioshuka ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, huashiria kwamba msingi umetitia au kwamba ardhi chini yake imebadilika. Sakafu iliyokatika katikati ya chumba mara nyingi inashitaki kifusi ambacho hakikushindiliwa. Kisha ni lazima ijulikane kama ufa umetulia au bado unatembea, na kwa hilo yatosha kutia alama ya kalamu mwishoni mwake na kuandika tarehe, ukautazama tena baada ya mvua na baada ya kiangazi. Ufa utembeao haufai kuzibwa kwa saruji, maana utakatika palepale. Na pale pasipo na ufa, gonga kwa nyundo ndogo usikilize: zege zima hutoa sauti kavu, lakini lililoachana na lililo chini yake hulia kama kitu kitupu, na eneo hilo ni la kubomolewa kabla halijabomoka lenyewe.

Likijulikana la kufanya, lifanywe kwa adabu zake. Sakafu iliyomeguka haitengenezwi kwa kumwaga uji wa saruji juu ya kidonda, kama ilivyo desturi, kwa sababu saruji mpya haishiki juu ya sehemu laini, na kingo zake nyembamba hubanduka kwa nyayo za wapitao. Hukatwa kwa tindo mpaka zege gumu, kingo zikachongwa wima zisiachwe zikateleza, vumbi likafagiliwa lote, kisha pakaloweshwa maji tangu usiku hata zege la zamani likashiba, ila maji yasituame. Hapo hupakwa uji mzito wa saruji, na kabla haujakauka hujazwa mchanganyiko wa sehemu moja ya saruji kwa tatu za mchanga safi, ukashindiliwa barabara. Palipo na nondo yenye kutu, zege huchimbwa hata nyuma ya nondo, si mbele yake tu, nayo ikasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu. Hata hivyo tusidanganyane: zege lililokwisha kunywa chumvi, likizibwa mahali pamoja, huweza kuanza kuliwa pembeni mwa kiraka, kwa hiyo anayeziba anunua miaka, hanunui kinga ya daima. Na kama nondo imepungua unene, au kilichoharibika ni nguzo, boriti au roshani inayoning'inia juu ya vichwa vya watu, hapo si mahali pa kubahatisha. Aitwe mhandisi, kwa kuwa gharama ya ushauri wake ni ndogo kuliko diya ya roho moja.

Wenye majumba ya kale wana jambo lao peke yao. Kuta za mawe ya matumbawe zilizoshikanishwa kwa chokaa, kama zilivyo katika Mji Mkongwe wa Unguja, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na katika mji wa Lamu, uliofuata mwaka 2001, hufyonza unyevu wa ardhi na wa mvua na kuutoa tena hewani kwa kupitia lipu ya chokaa. Mwenye nyumba akizipiga lipu ya saruji kwa nia njema ya kuziimarisha, unyevu hukosa njia. Hupanda juu zaidi, ukaozesha vichwa vya boriti za mikoko vilivyopachikwa ukutani, na saruji ikibanduka huondoka na ngozi ya mawe. Chokaa ni laini, nayo hutaka kupakwa tena na tena, lakini ulaini huo ndio unaozihifadhi kuta. Na fundi ajuaye chokaa, ambaye siku hizi ni adimu, alistahili kulipwa zaidi ya yule ajuaye saruji tu.

Najua nitaambiwa kwamba haya ni maneno ya wenye nafasi, na kwamba mtu mwenye watoto wa kusomesha hana fedha za kugonga dari yake kwa nyundo. Jawabu langu ni kwamba sehemu kubwa ya utunzaji haina gharama ila uangalifu. Maji ndiyo yachukuayo chumvi na kuipeleka kwenye nondo. Basi kuyaondoa maji ni nusu ya kazi. Kuzibua mifereji ya dari ili mvua isituame, kurekebisha bomba la tangi linalovuja, kuondoa udongo uliorundikwa ukutani, kuupa ua mteremko wa kutoka nyumbani na si wa kuingia, kutopanda mti mkubwa kando ya baraza, na kuacha ile tabia ya kusafisha sakafu kwa asidi kali, ambayo hula saruji na kuiachia chumvi mpya: haya yote hayazidi uwezo wa mtu wa kawaida. Tena pwani tumepewa majira yake. Mwezi wa Februari, kaskazi ingali ikivuma na masika hayajafika, kila mwenye nyumba na aizunguke nyumba yake, juu na chini, aone na aandike. Mpangaji na apewe haki ya kusema palipovuja, na mwenye nyumba asilihesabu neno lake kuwa ni ukorofi, kwa kuwa tundu lililotajwa Februari ni la karai moja, na lililofichwa likifika Juni huwa la mifuko.

Limebaki la mafundi, nalo ndilo lililonifanya niandike. Zege haligandi kwa kukauka, bali kwa kunywa maji. Likinyimwa maji katika siku za mwanzo, hukoma kujijenga, likabaki na matundu yanayokaribisha hewa na chumvi. Kwa sababu hiyo hutakiwa lifunikwe kwa magunia na kumwagiliwa siku saba kwa uchache, na wahandisi hawaipimi nguvu yake kamili ila baada ya siku 28. Kwa upande wa pili, maji ya kukorogea yakizidi hulidhoofisha: mfuko wa kilo 50 watosheka kwa lita 25 hivi, kwa kuhesabu na unyevu uliomo mchangani, lakini fundi aliyechoka huongeza ndoo ili uji uteleze chini ya mwiko wake. Kwa hiyo tumelipindua jambo lote, tukalinywesha zege maji mengi pale yalipotakiwa kuwa machache, na tukalinyima pale yalipotakiwa kuwa mengi. Wala simlaumu fundi peke yake. Sisi twamlipa kwa kazi iliyokwisha, twamhimiza amalize Ijumaa, na hatumlipi hata senti kwa zile siku saba ambazo kazi yenyewe ni kumwaga maji na kungoja. Mtu hafanyi bure jambo ambalo aliyemwajiri mwenyewe halithamini.

Nashauri, basi, kwamba katika kila mapatano ya ujenzi au ukarabati wa nyumba, siku za kumwagilia ziandikwe na zilipiwe, na sehemu ya mwisho ya ujira ibakizwe mpaka zitimie. Kwamba halmashauri zetu, zitozazo ada za vibali vya ujenzi, ziwe na mahali ambapo mtu aweza kupeleka kopo la mchanga na chupa ya maji vikapimwa chumvi kwa bei nafuu. Na kwamba vyuo vya ufundi vimfundishe kijana ukarabati kwa bidii ile ile anayofundishwa kujenga, kwani nyumba zilizokwisha kujengwa ni nyingi kuliko atakazozijenga maishani mwake. Baba aliyetumia miaka ishirini kuweka akiba ya matofali ameifanyia nyumba yake kazi kubwa, lakini nyumba ile haitawafaa wajukuu wake kwa sababu ya jasho hilo peke yake; itawafaa kwa kadiri kila anayeirithi atakavyokubali kwamba ameurithi na wajibu wa kuitengeneza.