Mamdani, duka la jiji na gharama ya njia

Katika vijiwe vya madalali hapa Majengo, habari za uchaguzi wa Marekani husikilizwa kama matokeo ya mpira: nani kashinda, kwa tofauti gani, basi. Mwenye mzigo Laela au Mpui anauliza bei ya Tunduma, haulizi Meya wa New York ni nani. Wiki hii safu hii inaomba kubishana na desturi hiyo. Uchaguzi wa jiji lile wa Novemba 4, 2025 uliamuliwa na jambo ambalo mfanyabiashara wa nafaka wa Ufipa analijua kuliko wengi wa wale waliopiga kura, yaani bei ya chakula, na swali la iwapo serikali iingie sokoni kuuza.

Mshindi alikuwa Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala mwaka 1991. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia Uganda. Kijana huyo ni wa chama cha Democratic, lakini wa mrengo wake wa kushoto, ule unaojiita wa kisoshalisti bila kuona haya. Alimshinda Andrew Cuomo, gavana wa zamani wa jimbo, mara mbili: kwanza ndani ya chama mwezi Juni, kisha Novemba Cuomo aliposimama kama mgombea binafsi. Waliopiga kura walizidi milioni mbili, idadi ambayo jiji hilo halikuwa limeifikia katika uchaguzi wa meya tangu 1969. Ahadi zake zilikuwa chache na za kueleweka: kuzuia kupanda kwa kodi za nyumba zilizo chini ya udhibiti wa jiji, mabasi ya bure, malezi ya watoto wadogo kwa gharama ya serikali, na maduka matano ya chakula ya jiji, moja katika kila wilaya kuu.

Ni hayo maduka matano yaliyozua kelele. Wenye maduka makubwa walisema ni ukomunisti, magazeti yakachapisha picha za rafu tupu za Moscow. Hapa kwetu nako, wazee waliosimama foleni za RTC walicheka kwa kichwa kutikisa: huko tumeshapita. Nani asiyekumbuka, au hajasimuliwa, Operesheni Maduka ya 1976, maduka ya watu binafsi yalipofungwa vijijini na sukari ikawa habari ya kuulizana kwa siri? Nani amesahau 1983, mtu mwenye katoni tatu za sabuni alipoitwa mhujumu uchumi?

Kicheko hicho kina haki yake. Lakini kinaruka ukurasa mmoja wa daftari la hesabu, na ukurasa huo uliandikwa hapa Rukwa.

Mkoa wetu ulianzishwa 1974. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, mnunuzi akiwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Mkulima wa Ufipa akapata kwa kilo sawasawa na mkulima aliye jirani na Dar es Salaam, ingawa gunia lake lilikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 1,100 kabla ya kufika kinuni. Mbolea nayo ilikuja kwa ruzuku. Tuseme kweli: bei ile ndiyo iliyotufanya tuitwe miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Watu waliozoea ulezi na maharage walifungua mashamba ya mahindi ya kuuza kwa sababu serikali ilikubali kubeba gharama ya njia. Soko huria lisingeyafungua mashamba hayo wakati ule. Mwenye lori binafsi, akihesabu dizeli, matairi na wiki nzima ya matope, asingefika Matai hata kwa kuombwa.

Basi kosa lilikuwa wapi? Serikali kununua mahindi halikuwa kosa. Gharama ya njia ndiyo ilikuwa taabu, kwa sababu haikuandikwa popote kama gharama. Kila gunia lililotoka huku lilikuwa hasara kwa NMC, na badala ya hasara hiyo kupelekwa bungeni ikapigiwa kura kama barabara au zahanati, ilifichwa katika mikopo ya Benki ya Taifa ya Biashara. Mikopo ikazaa mikopo, shilingi ikapungua nguvu, mkulima akalipwa kwa kuchelewa na kwa fedha iliyokwisha kupoteza thamani. Kuanzia 1984 serikali ikaanza kulegeza, wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kusafirisha nafaka kidogo kidogo, kisha kwa wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea nayo ikaondolewa hatua kwa hatua. Bei moja ikafa. Gharama ya njia ikarudi pale ilipokuwa kabla, mgongoni mwa mkulima wa mbali, na lumbesa ikaja kumalizia kilichobaki.

Kwa macho hayo ndiyo napenda tuyaangalie maduka ya New York. Watetezi wake wanasema yatauza kwa bei nafuu kwa sababu hayatalipa pango wala kodi ya majengo, na yatanunua kwa pamoja kwa bei ya jumla. Mfanyabiashara wa Majengo atauliza mara moja: pango lisilolipwa limelipwa na nani? Biashara ya chakula ya rejareja Marekani ni ya faida nyembamba, kwa kawaida asilimia moja hadi tatu ya mauzo. Duka haliwezi kushusha bei sana kwa kukataa faida tu, maana faida yenyewe ni kiduchu. Kitakachoshusha bei ni fedha ya jiji. Hilo si dhambi, mradi lisemwe kwa jina lake.

Tena Wamarekani wanao mfano wa jambo hilo nyumbani kwao, na ajabu ni kwamba hakuna anayeuita ukomunisti. Jeshi lao linaendesha maduka ya vyakula zaidi ya 200 kwa ajili ya askari na familia zao, yanayouza kwa bei ya kununulia na nyongeza ya asilimia tano tu. Kila mwaka Bunge lao linatenga fedha za kuyaendesha, zaidi ya dola bilioni moja, na wabunge wa Republican ni wepesi wa kuyatetea kama wenzao wa Democratic. Hasara inajulikana, imeandikwa, imepigiwa kura. Ndiyo maana maduka yale yanaishi. Upande wa pili lipo duka la Kansas City, Missouri, katika jengo linalomilikiwa na jiji, lililofungwa Agosti 2025 baada ya miaka ya rafu kupungukiwa na uhalifu kuzidi jirani. Pale jiji lilitoa jengo na misaada ya hapa na pale, likatumaini mengine yatajipa. Sisi wa enzi za NMC hatuhitaji kusimuliwa mwisho wa matumaini ya namna hiyo.

Mrengo wa kushoto wa Marekani una hoja nzito kuhusu siasa. Democratic waliposhindwa na Donald Trump Novemba 2024, viongozi wengi wa chama walitafuta sababu mbali. Seneta Bernie Sanders alisema siku iliyofuata kwamba chama kilichowatupa wafanyakazi kisishangae wafanyakazi wakikitupa. Mfumuko wa bei ulikuwa umefika asilimia 9.1 Juni 2022, na ingawa baadaye ulishuka, bei hazikurudi zilikotoka. Takwimu za wachumi zilisema hali ni njema, mama mwenye kikapu akasema sivyo, na kura ikawa ya mama. Mwaka uliofuata somo lilikuwa limeingia. Siku ile ile Mamdani aliposhinda New York, wanawake wawili wa mrengo wa kati wa chama hicho hicho, Abigail Spanberger na Mikie Sherrill, walishinda ugavana wa Virginia na New Jersey, nao pia kwa kuhubiri ugumu wa maisha. Kushoto na kati wakaimba wimbo mmoja wa bei.

Trump naye alisikia. Aprili 2025 alikuwa ametangaza ushuru wa forodha kwa karibu nchi zote, Tanzania ikiwekwa kwenye kiwango cha chini cha asilimia 10, huku akiwaambia wananchi wake kwamba mgeni ndiye atakayelipa. Siku kumi baada ya uchaguzi ule wa Novemba, akaondoa ushuru huo mpya kwenye kahawa, chai, ndizi, nyama ya ng'ombe na vyakula vingine. Kama mgeni ndiye aliyekuwa akilipa, kulikuwa na haja gani ya kuuondoa ili kupunguza bei dukani? Yeyote aliyewahi kupitisha fuso kwenye geti la ushuru wa mazao anajua jibu. Ushuru hukaa kwa yule aliye mnyonge katika mapatano: wakati wa njaa hukaa kwa mlaji, wakati wa mavuno hukaa kwa mkulima, na dalali hapotezi usingizi. Majirani zetu wa kahawa kule Mbozi walikuwa na sababu ya kuisoma habari hiyo mara mbili. Mrengo wa kushoto nao usijitie hamnazo hapa, maana wengi wao kwa miaka mingi walidai ushuru wa kulinda viwanda. Walichokataa ni namna Trump alivyoutumia.

Jambo la riba nalipita kwa haraka, ingawa ndilo lililotugusa mfukoni kwa ukali zaidi. Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi juu ya asilimia tano Julai 2023. Dola zikakimbilia kwao, na mwaka ule wa 2023 waagizaji wetu wa mafuta na mbolea wakawa wanazitafuta kwa tochi. Seneta Elizabeth Warren na wenzake wa kushoto walipiga kelele riba ishushwe, kwa ajili ya wapangaji na wafanyakazi wa kwao. Hawakuwa wakimfikiria mwenye shamba la Kaengesa, lakini kama wangesikilizwa mapema, huenda naye angenufaika. Kuanzia 2025 Trump naye alidai riba ishuke, kwa sababu zake. Siasa za Marekani zina vichekesho vyake.

Msomaji anayeona haya yote ni ya mbali aitazame barabara ya Tunduma. Zile kilomita 223 za lami hadi Sumbawanga zilijengwa kwa fedha za MCC, Mfuko wa Changamoto za Milenia, katika mkataba wa dola milioni 698 uliotiwa saini Dar es Salaam Februari 17, 2008, Marais Kikwete na Bush wakiwapo. Bush alikuwa Republican. Machi 2016, chini ya Obama wa Democratic, bodi ya mfuko huo huo ilisitisha awamu ya pili ya dola zaidi ya milioni 470 kwa sababu ya uchaguzi wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Aliyedhani chama fulani ni rafiki wa Afrika na kingine ni adui, barabara hiyo imvuruge kidogo.

Lami ile ilifanya kazi ambayo bei moja ilishindwa kuifanya kwa heshima: ilipunguza gharama ya njia yenyewe badala ya kuificha. Ilikuwa fedha ya umma, imetajwa kwa kiasi, imewekewa muda, ikajengwa. Hiyo ndiyo sehemu ya fikra za kushoto ambayo mfanyabiashara mdogo anapaswa kuiunga mkono bila kuogopa jina lake, kama anavyopaswa kukataa ile nyingine inayoahidi bei ya chini bila kuonyesha chanzo cha fedha.

Kwa msimu huu swali hilo hilo lina kazi ya karibu. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, huingia sokoni baada ya mavuno, na bei yake huvuta bei ya kila kijiwe mkoani. Waliouza msimu wa 2014 wanajua maana ya kuuza kwa bei nzuri kisha kungoja malipo. Bajeti ya Wizara ya Kilimo husomwa Dodoma kabla ya mizani kufunguliwa. Chukua fedha iliyotengwa kwa ununuzi, igawe kwa bei iliyotangazwa, upate tani. Zikilingana na lengo linalotajwa majukwaani, peleka mzigo. Zikipungua kwa nusu, uza kiasi kwa wa Tunduma anayelipa taslimu, na kingine weka ghalani kwa dawa nzuri.